Sotoka ilipoondoka, miti ikarudi

Ukitoka Bariadi mjini kuelekea mashariki, mashamba ya pamba yanapungua na mapori yanaanza. Huko ndiko liliko Pori la Akiba Maswa, na ng'ambo yake Hifadhi ya Serengeti. Mfugaji wa ukanda huu wa Simiyu amezoea kuitwa mharibifu wa mazingira. Historia ya miti na hewa ya hapa inamtetea kuliko wengi wanavyodhani.

Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kirusi, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890. Iliteketeza mazizi, njaa ikafuata. Nyumbu na nyati nao walikufa, kwa kuwa kirusi kile kiliwashambulia pia wanyamapori wenye kwato zilizopasuka. Kwa zaidi ya nusu karne ugonjwa ukawa unarudi na kuua ndama wa nyumbu, na idadi yao ikabaki chini.

Kuanzia miaka ya 1950 ng'ombe walioizunguka Serengeti walichanjwa. Chanjo bora zaidi ilitoka Muguga, Kenya, kwenye maabara ya daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Ng'ombe walipopata kinga, kirusi kikakosa pa kujificha, na kufikia mwaka 1963 kilikuwa kimetoweka kwa nyumbu. Wanyama hao walikuwa takriban 260,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja.

Nyumbu milioni moja hula nyasi nyingi sana. Nyasi zilizobaki kiangazi zikawa chache, moto ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga iliyokuwa ikiteketea kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Anthony Sinclair, aliyeanza utafiti Serengeti mwaka 1965, alifuatilia mabadiliko hayo kwa miongo kadhaa, akitumia pia picha za miti zilizopigwa mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 yeye, mtafiti Ricardo Holdo na wenzao walichapisha hesabu kamili ya kaboni. Mmea huvuta hewa ya kaboni na kuigeuza shina, jani na mzizi. Moto huirudisha angani kwa dakika chache. Nyumbu naye huirudisha anapopumua, kwa hiyo faida haikuwa katika kula kwake. Faida ilikuwa kwenye miti iliyosalimika. Watafiti hao walihitimisha kwamba Serengeti, iliyokuwa ikitoa kaboni, imegeuka kuwa ghala la kuihifadhi.

Sindano aliyodungwa ng'ombe ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa sotoka imetokomezwa kabisa.

Nje ya hifadhi mambo yalikwenda kinyume. Bariadi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, na Shinyanga ilikatwa miti kwa amri ya serikali. Tangu miaka ya 1920 wakoloni waliamuru vichaka vifyekwe ili kumwangamiza mbung'o. Pamba ikaja na kudai ardhi zaidi, kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyoyatunza wenyewe. Mkoa ukafikia kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake ilikuwa kurudi kwa wazee badala ya kuwaletea miche ya kigeni tu. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikali, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanyonge na maksai wa kulimia. Humo kisiki kikiachwa kinachipua chenyewe. Sheria za ngitili zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na walinzi wa jadi, sungusungu, wakazisimamia. Ngitili zilizojulikana mradi ulipoanza zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji 833.

Sayansi ilifika baadaye ikiwa na vipimo vyake. Mwaka 2018 watafiti, akiwemo Anthony Kimaro, walichapisha matokeo ya kupima kaboni iliyomo ardhini kwenye ngitili na kwenye mashamba ya miti ya kupandwa Shinyanga. Mfugaji alifunga ngitili kwa sababu ya ndama wake, na hewa ya dunia ikafaidika.

Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na wanunuzi wa kaboni wanatafuta maeneo yanayoihifadhi. Vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu vipime ngitili zao, viziandikishe kwa jina la kijiji na mipaka yake, na visitie saini mkataba wowote kabla haujasomwa wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.