Fedha na upumbavu katika vitabu vya hekima

Fedha na upumbavu ni mada mbili zinazokutana mara nyingi katika vitabu vya hekima vya Biblia, yaani Mithali, Ayubu na Mhubiri, pamoja na Yoshua bin Sira na Hekima ya Solomoni, ambavyo Wakatoliki na Waorthodoksi wanavihesabu katika Agano la Kale lakini Wayahudi na Waprotestanti hawavihesabu. Mafundisho hayo hufupishwa mara nyingi kwa kusema kwamba mwenye hekima hutajirika na mpumbavu hufukarika. Mistari ya namna hiyo ipo kweli, hasa katika Mithali 10-15, lakini ikisomwa peke yake inapotosha. Katika vitabu hivyo mpumbavu anaweza kuwa tajiri, na maskini anaweza kuwa ndiye mwenye akili iliyouokoa mji mzima, kisha akasahauliwa (Mhu 9:14-16).

Maneno yenyewe

Neno la Kiebrania kesef lina maana ya madini ya fedha na pia ya pesa, sawasawa na neno "fedha" la Kiswahili, lililotoka katika Kiarabu. Kwa muda mrefu Waisraeli hawakuwa na sarafu: malipo yalifanywa kwa kupima vipande vya fedha katika mizani, na shekeli ilikuwa kipimo cha uzito, takriban gramu 11. Ndiyo sababu Mithali inarudia mara nne suala la mizani na mawe ya kupimia (11:1, 16:11, 20:10, 20:23). Mfanyabiashara mwenye mawe ya aina mbili, zito la kununulia na jepesi la kuuzia, aliweza kuiba mchana kweupe. Mnunuzi naye haachwi: 20:14 inamchora yule anayeiponda bidhaa mpaka apunguziwe bei, kisha akifika mbali anajisifu.

Kwa upande wa upumbavu, Kiebrania kina maneno kadhaa. Peti ni mtu asiye na uzoefu, anayesadiki kila analoambiwa (14:15), lakini bado anaweza kufundishika. Kesil ni yule aliyekwisha kukomaa katika kukataa maarifa. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version (1952) inawatenganisha vizuri katika Mith 1:22, wa kwanza akiitwa mjinga, wa pili mpumbavu. Walimu wengi wamewahi kuwa na aina zote mbili darasani. Neno la tatu, nabal, ndilo jina la Nabali, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000 (1 Sam 25), aliyekaribia kuiangamiza nyumba yake kwa ubahili na ulimi mchafu.

Mstari unaounganisha mada hizi mbili waziwazi ni Mith 17:16. Kesil anakuja na pesa mkononi kuinunua hekima. Bei anayo, kinachokosekana ni moyo, ambao kwa Waebrania ndio makao ya akili.

Udhamini

Upumbavu wa fedha unaoshughulikiwa kwa ukali kuliko mwingine si ulevi wala uvivu, ingawa hayo nayo yanakemewa, bali ni kumdhamini mtu mwingine katika deni. Mith 6:1-5 inamshauri aliyekwisha kupeana mkono kwa udhamini aende upesi, ajishushe, ambembeleze mwenzake, wala asilale mpaka awe ameponyoka kama paa mtegoni. Onyo hilo linarudi katika 11:15, 17:18, 20:16, 22:26-27 na 27:13.

Ukali huo unaeleweka tukikumbuka deni lilikuwa nini zama hizo. Mkopeshaji aliweza kuchukua rehani ya nguo au kitanda, na 2 Wafalme 4:1 pamoja na Nehemia 5:1-5 zinaonyesha watoto wa mdaiwa wakichukuliwa utumwani. Kwa hiyo Mith 22:7, inayomwita mkopaji mtumwa wa mkopeshaji, haikuwa mbali na hali halisi.

Yoshua bin Sira, aliyeandika Yerusalemu mnamo mwaka 180 KK, hakubaliani kabisa na Mithali. Kwake mtu mwema humdhamini jirani yake (29:14). Anajua kwamba udhamini umewafilisi wengi waliokuwa na hali nzuri (29:18), lakini badala ya kuukataza anaweka mpaka: usidhamini kupita uwezo wako, na ukidhamini ujihesabu kuwa wewe ndiwe utakayelipa (8:13). Anawalaumu pia wakopaji wanaoubusu mkono wa mkopeshaji kabla ya kupata, na siku ya kulipa wanatoa visingizio (29:5). Sura hiyo ya 29 inastahili kusomwa nzima na yeyote aliyeombwa saini ya mkopo wa ndugu.

Umaskini si upumbavu

Mith 13:23 inasema shamba la maskini lingeweza kutoa chakula tele, ila dhuluma hukifagia. Ayubu 24 inataja njia zenyewe: kuhamisha mipaka ya mashamba, kupora mifugo, kumtwalia mjane ng'ombe wake kuwa rehani. Anayemcheka fukara anamtukana Muumba wake (Mith 17:5).

Agizo la kutowanyang'anya maskini, pamoja na picha ya mali kuota mabawa na kuruka, limo katika Mith 22:17-23:11, sehemu inayofanana sana na Mafundisho ya Amenemope, andiko la Misri lililochapishwa mwaka 1923. Huko mali huruka kama mabata bukini; katika Mithali, kama tai.

Mhubiri

Mhubiri anatia shaka hata faida ya mwenye hekima. Mtu huchuma kwa akili, kisha mali inakwenda kwa mrithi ambaye hajulikani kama atakuwa na hekima au mpumbavu (2:18-21). Mali ikiongezeka, walaji nao wanaongezeka (5:11). Hata hivyo anakiri kwamba fedha ni kinga (7:12), na anashauri kuigawa mali katika sehemu saba au nane, maana msiba haupigi hodi (11:2).

Bin Sira (11:18-19) anamtaja tajiri anayejiambia kwamba sasa atapumzika na kula mali yake, asijue siku ya kufa kwake. Mtu wa namna hiyohiyo anatokea tena katika mfano wa Yesu kuhusu tajiri mwenye maghala (Lk 12:16-21), na humo Mungu anamwita mpumbavu usiku uleule anaopanga kujenga maghala makubwa zaidi.