Mchezo Uliojengwa juu ya Msingi wa Zamani

Tarehe ya michezo ya shabaha ya kompyuta huandikwa kwa kawaida kama orodha ya wafalme. Wolfenstein 3D ulitokea Mei 1992, Doom ukautwaa ufalme Desemba 1993, Quake ukaurithi Juni 1996. Na baina ya tawala hizo mwandishi hupita upesi kama msafiri akataye jangwa. Michezo iliyozaliwa katikati hutajwa kwa mstari mmoja, au haitajwi kabisa. Mmojawapo ni Rise of the Triad, ambao sehemu yake ya kwanza ilianza kusambazwa Desemba 1994 na mchezo mzima ukatoka mwaka wa 1995. Aibu zake si za kutafuta kwa kurunzi. Mchezaji hukutana nazo tangu chumba cha kwanza. Walakini wastahili kuchunguzwa, kwa kuwa aibu hizo zina nasaba, na uzuri wake umezaliwa na mama yule yule.

Mchezo wa namna hii humweka mchezaji nyuma ya macho ya mpiganaji. Kiooni huona ujia, milango na adui wajao; chini ya kioo huona mkono ulioshika silaha. Hutembea, hugeuka na kufyatua kwa kubonyeza vitufe. Wolfenstein 3D ndio ulioueneza mtindo huo. Ulitengenezwa na id Software, kampuni ya vijana wachache wa Texas, ukasambazwa na Apogee, kampuni ya Scott Miller katika jimbo hilo hilo. Desturi ya Apogee ilikuwa kutoa sehemu ya kwanza ya mchezo bure, watu wakainakili na kupeana mkono kwa mkono, na aliyenogewa akaagiza sehemu zilizobaki kwa fedha.

Tom Hall alikuwa miongoni mwa waasisi wa id Software. Doom ulipoanza kutengenezwa, aliandika daftari refu la mipango yake: hadithi, watu, mahali na mambo yatakayotukia. Wenzake walitaka mwendo na silaha kuliko hadithi, na mengi ya daftari lile yakawekwa kando. Agosti 1993 Hall alitoka, akaenda Apogee, akapewa kuongoza kundi lililojiita kwa majivuno ya mzaha Wajenzi wa Nguvu za Ajabu. Kazi yao ilikuwa kutengeneza Wolfenstein wa pili, kwa injini ya ule wa kwanza. Kazi ikiwa imekwisha kupamba moto, id Software ikauvunja mpango ule, maana Doom ulikuwa njiani nao hawakutaka mchezo mwingine wenye jina lao usimame kando yake.

Kundi likabaki na nyumba iliyojengwa nusu. Walikuwa na picha, walikuwa na askari, walikuwa na injini; jina na hadithi vilikuwa vimekwenda. Wakatunga hadithi nyingine: wapiganaji watano wa kikosi cha Umoja wa Mataifa wametumwa kupeleleza kisiwa cha San Nicolas, mbele ya pwani ya California, penye wafuasi wa dini ya siri wanaokusudia kuuangamiza mji wa Los Angeles. Chombo cha wapelelezi kinavunjwa, na njia ya kurudi hapana. Hadithi hii imeshonwa kwa haraka, na uzi unaonekana. Bunduki ya MP40 ya Wajerumani imebaki mikononi mwa wapiganaji wa Umoja wa Mataifa, na adui wamevaa sare zinazokumbusha vita vya pili vya dunia, wala hadithi mpya haikujisumbua kueleza sababu.

Lakini urithi mzito zaidi haukuwa bunduki wala sare, ulikuwa injini. Ardhi ya Wolfenstein 3D ilikuwa kama ubao wa dama. Kila mraba ama ulijazwa ukuta ama uliachwa wazi. Kuta zote zilikutana kwa pembe mraba, sakafu ilikuwa moja, dari moja. Hapakuwa na ngazi, kilima wala shimo. Hayo hayakuwa mapungufu ya akili. Kompyuta za 1992 zilikuwa dhaifu, na John Carmack wa id Software aliupata mwendo kwa kuufanya ulimwengu kuwa mwepesi wa kukokotoa: kwa kila ufito wa wima wa kioo, mashine ilitupa mstari mmoja mbele na kutazama ni ukuta gani utakaoupokea kwanza. Doom uliikata minyororo hiyo. Ndani yake kuta zilikwenda mshazari, sakafu zilipanda na kushuka, mwanga ulikoza na kufifia. Baada ya Desemba 1993, kuunda mchezo kwa injini ya zamani kulikuwa sawa na kushindanisha jahazi na meli ya moshi.

Mark Dochtermann na watengenezaji programu wenzake waliinyoosha injini ile hadi mwisho wa uwezo wake. Dari ikaruhusiwa kuinuka juu sana, ijapokuwa hatua nzima ya mchezo ilipaswa kuwa na kimo kimoja. Pakawa na ukungu na anga. Mchezaji akaweza kutazama juu na chini. Vioo vikavunjika, na risasi zikaacha alama ukutani. Lakini mraba ukabaki kuwa mraba, na sakafu ikakataa kupanda.

Basi mtu atapandaje mahali ambapo sakafu haipandi? Wajenzi walitundika visahani vya mviringo hewani, kila kimoja juu kidogo kuliko mwenzake, wakavipa jina la kisayansi la mzaha lenye maana ya visahani vya mvutano uliokwenda kombo. Mchezaji huvikanyaga kama vidato. Na kwa kuwa hawezi kuruka kwa miguu yake, sakafuni mliwekwa vibao vya kurushia: ukikikanyaga kimoja, chakutupa juu kama punje katika kikaango. Matokeo yake ni majengo yasiyofanana na makazi ya kiumbe yeyote. Hakuna mtawa wala askari angejenga nyumba kama ile. Hata hivyo kisahani kile, kilichotundikwa kwa sababu ya umaskini, kina jambo ambalo tajiri alilikosa. Mchezaji aweza kusimama juu yake, na aweza pia kupita chini yake. Ilhali Doom, pamoja na ngazi zake zote, haukuweza kuweka sakafu juu ya sakafu. Kiraka kilifanya kazi iliyoshindikana kwa kitambaa kipya. Mafundi wa nyumba za mawe za Lamu wangelifahamu jambo hili pasipo kuelezwa: urefu wa boriti ya mkoko ndio uliowaamulia upana wa chumba, na vyumba vile virefu na vyembamba leo hutazamwa kama ustadi.

Isidhaniwe kuwa kila kiraka kilikaa vizuri. Hatua nyingi za mchezo ni mizingile ya kuchosha, ambamo swichi ya ukuta huu hufungua mlango wa ukuta mwingine ulio mbali, na mchezaji huzunguka akiutafuta. Visahani ni vyembamba, miguu haionekani, na aliyekosea kwa kadiri ya unyayo huanguka, akarudi mwanzo wa ngazi. Kuna visu vizungukavyo, ndimi za moto na kuta zisagazo watu, na vingi huua kabla mchezaji hajapata nafasi ya kujifunza. Adui ni picha za watu halisi, wengi wao wafanyakazi wa kampuni yenyewe waliovishwa mavazi na kupigwa picha. Kwa mbali wanatisha, kwa karibu ni makaratasi.

Lakini makaratasi hayo yana tabia. Wako wanaolala kama wafu kisha wakainuka. Wako wanaomnyang'anya mchezaji silaha. Na wako wanaopiga magoti na kuomba wasiuawe. Hapo kicheko cha mchezo huu hupungukiwa na pumzi. Damu yake imezidishwa makusudi hadi ikawa kichekesho, na wazee wa nyumba waliwekewa njia ya kuipunguza na kuifunga kwa neno la siri. Lakini askari apigaye magoti si kichekesho cha namna ile. Mchezo umempa sauti ya kuomba bila kumpa mchezaji njia ya kumchukua mateka. Aweza kumpita au kumuua, basi. Michezo mikubwa zaidi ya zama zile haikumfikisha mchezaji hata kwenye swali hilo, na haikosi kustaajabisha kwamba lililetwa na mchezo wa mzaha, nao ukaliacha sakafuni kama kitu kilichoanguka mfukoni.

Mahali pengine mzaha umefaulu kabisa. Kuna nguvu inayomgeuza mchezaji kuwa mbwa, akatembea chini na kuuma. Kuna nyingine inayomfanya mungu, akaelea na kurusha mauti kwa kiganja. Watu 11 waliweza kupambana pamoja kwa mtandao, na kila mmoja akawarushia wenzake sauti za kejeli wakati wa vita. Ni mchezo wa watu waliokwisha jua kuwa hawatashinda, wakaamua kucheka.

Na hawakushinda. Januari 1996 kampuni ile ile, kwa jina lake la 3D Realms, ilitoa Duke Nukem 3D kwa injini mpya ya Ken Silverman, na miezi michache baadaye Quake ukaja. Injini ya miraba haikuwa na kazi tena. Desemba 2002 maandishi ya programu ya Rise of the Triad yalitolewa kwa leseni huria, na wapenzi wake wakauhamishia kwenye mashine ambazo watengenezaji wake hawakuziwaza. Mwaka wa 2013 Interceptor Entertainment ya Denmark iliujenga upya kwa injini ya kisasa. Injini hiyo yaweza kufanya ngazi, vilima na mahandaki ya kila sura, wala hapakuwa na mtu aliyewalazimisha wajenzi kufuata shida za mwaka 1994; nao wakaweka vibao vya kurushia. Mwaka wa 2023 mchezo wenyewe wa zamani ulitolewa tena kwa mashine za leo, kwa jina la Ludicrous Edition, na ndani yake visahani vinaelea pale pale vilipotundikwa.