Shilingi ya Unguja na Faranga ya Ngazija

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuamrisha uadilifu katika mizani, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mara nyingi udugu wa Ngazija na Unguja hutajwa kwa elimu na nasaba. Twakumbuka kwamba Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Unguja na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandraa, hapa Ngazija. Lakini nyuma ya kila safari ya jahazi palikuwa na mahari, amana, mikopo na mirathi. Fedha za visiwa hivi viwili zilibadilishanaje, na hayo yatuhusu nini leo?

Zamani za wazee wetu, fedha ilikuwa fedha kweli. Riali yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria ilipokewa pwani yote kwa uzito wake. Sayyid Barghash alipiga riali na pesa zake mwaka 1299 Hijiria, yaani 1882, na riali moja ilihesabiwa rupia 2 na anna 2 za Kihindi. Huku kwetu, Sultani Said Ali alitoa sarafu zake mwaka 1308 Hijiria, zilizopigwa Paris, na miongoni mwake ile ya fedha ya faranga tano. Aliyetaka kubadilisha alitazama fedha iliyomo katika sarafu, na mizani ikawa ndiyo hakimu.

Kisha ikaja karatasi. Serikali ya Unguja ilitoa noti za rupia mwaka 1908. Mwaka 1936 rupia ikaondoka, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na shilingi 20 zikawa pauni moja ya Kiingereza. Visiwa vyetu vya Komoro navyo vilifungwa na faranga ya Ufaransa. Tangu hapo bei baina ya visiwa viwili vya jirani haikukatwa na mfanya biashara wa Unguja wala wa Moroni. Ilikatwa London na Paris.

Yatazameni mahesabu. Mwishoni mwa mwaka 1945 Ufaransa iliipa faranga ya makoloni yake, iitwayo CFA, thamani ya faranga 1.70 za Kifaransa, na pauni ilikuwa faranga 480 za Kifaransa. Basi shilingi moja ya Unguja ilipata faranga 14 hivi za Komoro. Mwaka 1948 faranga ya CFA ilipandishwa ikawa mbili za Kifaransa. Lakini faranga ya Kifaransa yenyewe ilikuwa ikishuka, hata mwaka 1949, ingawa pauni nayo ilipunguzwa, pauni ikawa faranga 980, na shilingi ikapata faranga 24 na nusu. Ufaransa ilipopunguza tena mwishoni mwa mwaka 1958, shilingi ikafika faranga 34 na nusu. Mtu aliyeacha akiba ya faranga bila kuigusa kwa miaka 13 alikuta, kwa hesabu ya shilingi, imebaki chini ya nusu.

Baadaye gurudumu liligeuka. Shilingi ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 1966, ilianza sawasawa na ile ya Afrika Mashariki, kisha katika miaka iliyofuata ikashuka sana. Faranga ya Komoro nayo ilipunguzwa mwaka 1994, kutoka faranga 50 kwa moja ya Kifaransa hadi 75, na tangu mwaka 1999 imefungwa kwenye yuro moja kwa faranga 491.96775. Leo faranga moja ndiyo inunuayo shilingi kadhaa.

Hapa ndipo penye haki za watu. Chukueni mfano wa mwanamke aliyeozwa Unguja mwaka 1960 kwa mahari ya shilingi 1,000 zilizoakhirishwa. Siku ile zilikuwa faranga 34,500 hivi. Mume akifa hajalipa, na warithi wakatoa leo shilingi 1,000 zile zile, hazifiki faranga 250. Je, wamelipa?

Wanazuoni wamehitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii asili ni kurudisha mfano wa kile kilichokopwa. Imamu Abu Yusuf, katika Mahanafi, aliangalia thamani pale fulusi zinapopanda au kushuka. Chuo cha Fiqhi cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao cha Kuwait cha mwaka 1988, kilikata kwamba deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake. Na imepokewa kwa Ibn Umar kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimruhusu aliyedai dinari kupokea dirhamu, kwa bei ya siku ile, na wasiachane hali baina yao pana kitu kilichobaki.

Basi hukumu ya bei ni ya siku ya kulipa, na hasara ya kuchelewa humwangukia mwenye haki. Kwa hiyo dawa ni kutochelewa. Mwenye uwezo kumzungusha mdai wake ni dhuluma, na dhuluma hiyo huzidi kila noti inaposhuka. Andikeni madeni kama Sura ya Bakara ilivyoamrisha, mtaje sarafu, nchi na mwaka. Mahari ya kuakhirishwa yatajwe kwa uzito wa dhahabu. Na palipo deni kongwe, warithi wakae na mwenye haki wasuluhishane kwa kuridhiana, wamzidishie kwa ihsani, wala wasijifiche nyuma ya karatasi iliyokufa thamani.

Mwenyezi Mungu atusafishie mali zetu, na atuwafikishe kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.