Tiba kazi (Mombasa bara)

Tiba kazi ni fani ya afya inayomwezesha mtu aliyeugua, aliyeumia au aliyezaliwa na ulemavu kumudu shughuli za kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kusoma na kujipatia riziki. Shirikisho la kimataifa la wataalamu wake liliundwa mwaka 1952. Nchini Kenya, wataalamu hao husomeshwa katika vyuo vikiwemo Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC).

Nafasi katika timu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, daktari hudhibiti shinikizo la damu, muuguzi hulinda ngozi isipate vidonda, na mtaalamu wa viungo hurudisha nguvu na mwendo. Mtabibu kazi humfundisha kuvaa kwa mkono mmoja, kutia udhu na kukuna nazi akiwa ameketi salama. Hutengeneza pia gango la mkono, na huishauri familia kuhusu choo na ngazi za nyumba.

Mombasa bara. Port Reitz, Changamwe, kuna hospitali inayotibu pia maradhi ya akili, na shule maalumu ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Afya ya akili na ulemavu wa utotoni ni nyanja kuu za fani hii. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani, hivyo mgonjwa wa Likoni huvuka kwa feri kuifikia. Tangu 2013, huduma za afya za kaunti husimamiwa na Serikali ya Kaunti ya Mombasa.