Nani Alijengewa Oyster Bay?

Haya ndiyo maneno ya somo letu la redioni, yamepigwa chapa ili uyasome tena polepole. Ukikuta neno gumu, litie alama kwa penseli, kisha umwulize mwenzako.

Labda unadhani historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Hata mtaa una historia yake. Leo tutasoma habari za Oyster Bay, mtaa wa watu wenye nafasi, ulioko ufukoni upande wa kaskazini wa mji wa Dar es Salaam.

Kwanza turudi nyuma. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo wakayaleta Dar es Salaam. Walitunga sheria za ujenzi, na Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, wakafuata njia ileile. Mji uligawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya maduka na nyumba za mawe. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti.

Angalia sana jambo hili. Sheria ilitaja aina ya nyumba. Haikutaja rangi ya mtu. Lakini je, ni nani aliyekuwa na fedha za kujenga nyumba ya Kizungu? Watu walielewa upesi, wakazipa sehemu hizo majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina haya hayako Dar es Salaam tu. Hata Dodoma na Mbeya utakuta Uzunguni.

Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, nao ni Mnazi Mmoja. Wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya: mbu wasitoke kwa Waafrika wakawaletea Wazungu homa ya malaria. Likumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia.

Karibu na mwaka 1930 lilijengwa daraja la kuvuka mkono wa bahari, likaitwa Selander kwa jina la mkuu wa kazi za ujenzi wa serikali. Daraja hilo lilifungua njia ya kwenda Oyster Bay. Huko upepo wa bahari ni mzuri. Serikali ikajenga nyumba za maofisa wake, mbalimbali, kila moja katikati ya bustani, na baraza pana mbele. Maji yalifika ndani kwa bomba. Bwana alikwenda ofisini kwa motokaa, bibi alibaki na watoto wadogo, na jioni wote walishuka pwani kuoga. Watoto wakubwa walipelekwa shule za bweni, wengine mpaka Uingereza. Mwaka 1949 mpango mpya wa mji uliweka mitaa ya namna hii katika daraja ya nyumba chache kwa kila ekari.

Sasa linganisha na Kariakoo. Huko nyumba ya kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na mara nyingi kila chumba kilipangishwa kwa watu wake. Mwaka 1957 watu walipohesabiwa, mji ulikuwa na watu karibu 129,000. Wazungu hawakufika 5,000. Hao wachache ndio waliokuwa na nafasi kubwa kuliko wote, na fedha za serikali zilitoka pia katika kodi iliyolipwa na mkulima wa kijijini.

Haya, tuingie uani. Nyuma ya kila nyumba kubwa kulikuwa na nyumba ndogo ya watumishi. Humo walilala mpishi, boi na mtunza bustani. Yaya alilea watoto wa bwana tangu asubuhi mpaka usiku. Je, watoto wake mwenyewe walikuwa wapi? Mara nyingi walikuwa kijijini kwa bibi yao. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja, na mishahara ya siku zile ilihesabiwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Kwa hiyo mtaa uliosifiwa kuwa mzuri kwa jamaa, wazazi pamoja na watoto wao, ulisimama juu ya kazi ya watu waliotengana na jamaa zao.

Sasa mkumbuke yule mbu. Kama hatari ilikuwa kukaa karibu na Mwafrika, mbona mpishi alilala hatua ishirini tu kutoka kitanda cha bwana? Mbu haulizi rangi ya mtu. Aliyetengwa ni jirani, mtumishi hakutengwa.

Uhuru ulipopatikana, Desemba 9, 1961, Waingereza walianza kuondoka. Waliohamia ni mabalozi, mawaziri na maofisa wa Kiafrika, ambao watu wa mjini waliwaita manaizi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lakini Oyster Bay ilibaki mtaa wa wachache. Rangi ya wenyeji ilibadilika. Mipaka ya viwanja haikubadilika. Katika miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa, na mahali pa nyumba za zamani pakaota maghorofa. Mwaka 2022 daraja jipya la Tanzanite lilifunguliwa, likipita baharini karibu na Selander. Mwaka huohuo mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya 5,300,000, na wengi wao walikaa katika mitaa isiyopimwa.

Basi, hatusemi kwamba bustani, maji ya bomba na mahali pa watoto kucheza ni vitu vibaya. La, ni vitu vizuri sana. Kosa lilikuwa kuvipima kwa watu wachache na kuwaambia wengine kwamba hawavihitaji.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini sheria ya ujenzi iliweza kuwatenga watu bila kutaja rangi zao?
2. Yaya aliwalea watoto wa nani, na nani alimlelea wa kwake?
3. Katika mji wako, Uzunguni ni wapi? Mwulize mzee mmoja ni nani walikaa huko alipokuwa kijana, kisha andika majibu yake katika mistari mitano.

Tutaonana katika somo lijalo. Kwaherini.