Santuri Huja Baadaye: Mchiriku, Singeli na Duma

Jagwa Music walianza kupiga mchiriku uswahilini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji na lebo ya Crammed Discs mwaka 2012. Katikati hapo kuna takriban miaka ishirini ya kanda zilizorekodiwa na kupigwa kwenye daladala hadi utepe ukachakaa. Anayeandika historia kwa kufuata tarehe za santuri anairuka miaka hiyo yote, na kwangu mimi hiyo ndiyo miaka yenyewe.

Wakosoaji wa Ulaya waliposikia kinanda kidogo cha Casio kikilia kwenye spika zilizozidiwa, juu yake ngoma na mwimbaji anayefoka, walitaja panki. Ufananisho huo una haki yake. Panki ya Uingereza nayo ilijengwa kwa vyombo vya bei rahisi na lebo ndogo. Ikazaa krasti, kisha graindikoo: bendi ya Napalm Death ilirekodi upande wa kwanza wa albamu Scum mjini Birmingham mwaka 1986, nayo ikatolewa na lebo ya Earache mwaka uliofuata. Humo wimbo mmoja hudumu sekunde moja na ushei tu. Hapo ndipo njia zinapoachana. Graindikoo huukata wimbo ukaisha kabla hujaushika. Mchiriku, ambao asili yake ni ngoma za Wazaramo, hauna haraka ya kumaliza. Ni muziki wa shughuli, na shughuli hukesha. Redio ya taifa, iliyorekodi dansi na taarabu kwa miongo mingi, haikuupa nafasi kama hiyo. Ulihesabiwa muziki wa wahuni.

Singeli ilirithi mkesha huo, ikaongeza kasi. Kwenye vigodoro, yaani sherehe za mkesha za mtaani, vya Manzese, Tandale na Mburahati, madijei walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuviharakisha, na MC akashika kipaza sauti. Leo mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na wapo wanaokaribia 300, kasi ambayo mpiga dramu wa graindikoo angeitambua mara moja. Msaga Sumu na Sholo Mwamba waliivusha kutoka mtaani, kituo cha EFM kikaipigia debe redioni, na mwaka 2016 Hainaga Ushemeji ya Man Fongo ikasikika nchi nzima.

Santuri zilikuja baada ya hapo, tena kupitia Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati katika Sounds of Sisso mwaka 2017. Ikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019. Mwaka huohuo Duke wa Pamoja Records alitoa Uingizaji Hewa kupitia Hakuna Kulala, lebo dada. Mr Mixondo ya DJ Travella ilitoka mwaka 2022. Zisikilizeni bila kuogopa kelele: chini ya kishindo kuna kinanda cha taarabu kinachojulikana na kila aliyelelewa Pwani.

Kampala hiyohiyo ndiko graindikoo na singeli zilikopishana mlango. Martin Kanja na Sam Karugu, vijana waliotoka kwenye bendi za metali za Nairobi, walirekodi huko albamu yao Duma, iliyotoka mwaka 2020: mayowe, gitaa na mashine ya midundo, bila mpiga dramu. Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi masho katika Mau Mau, na albamu hiyo imebeba kumbukumbu yake. Sioni haja ya kuuliza kama muziki huo ni wa Kiafrika.

Lakini huku Dar es Salaam, kwenye stendi ya Mbezi Luis, ambako mabasi ya mikoani yalihamia kutoka Ubungo mwaka 2021, singeli husafiri kwa flashi na memori kadi. Mwenye kibanda anayeziingiza nyimbo humo hulipwa kwa kazi yake, na dereva anaondoka na muziki usio na jalada wala mwaka. Mara nyingi alama iliyobaki ni jina la studio linalotamkwa mwanzoni, na salamu za MC kwa mtaa, maskani na washikaji. Mtunza kumbukumbu akitaka kuupanga muziki huu kwa miaka, aanze na salamu hizo: zinasema nani alikuwapo, wapi, na nani alikuwa hai bado.