Madaftari Mawili: Ulaya, Mawese na Ziwa Letu

Mtu akisikia kwamba mkimbizi wa Rumonge, anayekaa Nyarugusu mwaka wa kumi sasa, ameandika habari za bajeti za Ulaya, atacheka. Acheke tu. Kwenye mabango ya miradi hapa kambini bendera ya nyota za njano ipo, na kule kwetu ufukweni ilikuwepo hata kabla sijazaliwa. Anayekulipia kisima, ni vizuri ujue anavyopiga hesabu zake.

Hesabu zao zinakwenda hivi. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliwawekea nambari mbili: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni lisizidi asilimia 60. Baadaye, baada ya msukosuko wa madeni, wakaanza mwaka 2011 utaratibu unaoitwa Muhula wa Ulaya: kila mwaka kila serikali inapeleka mipango yake Brussels, inasomwa, inaambiwa hapa punguza, hapa rekebisha. Mto haukuwa na nambari. Msitu haukuwa na nambari. Mambo ya mazingira yalikuwa na ofisi yake, mikutano yake na daftari lake. Desemba 2019 ndipo Tume ya Ulaya ilipotangaza Mpango wa Kijani na kuanza kuingiza tabianchi ndani ya Muhula. Kanuni mpya za Aprili 2024 zinasema nchi ikitaka kurekebisha bajeti yake kwa miaka saba badala ya minne, lazima ionyeshe mageuzi na uwekezaji unaofuata malengo ya pamoja, na mabadiliko ya kijani ni mojawapo. Yaani wamechukua miaka karibu thelathini kuyaleta madaftari mawili kwenye meza moja, na bado wanabishana.

Sisi wa ufukwe wa Tanganyika tumeishi na madaftari hayo mawili muda mrefu zaidi, ila sisi hatukuwa tukiandika. Tulikuwa tunaandikwa.

Nianze na samaki, maana huko ndiko nilikokulia. Wazee wetu walivua ndagala usiku kwa lusenga, ule wavu wa kuchota, na moto wa kuni mbele ya mtumbwi; baadaye zikaja karabai. Miaka ya 1950, Bujumbura ikiitwa bado Usumbura na nchi ikiwa chini ya Wabelgiji, walikuja Wagiriki na meli za chuma na nyavu za kuzungushia. Walivua ndagala, mukeke na sangala kwa wingi ambao mtumbwi haukuweza hata kuuota. Kwa daftari la uchumi ilikuwa baraka: mji unakua, wafanyakazi wanakula, kodi inaingia. Sangala wakubwa ndio waliopungua kwanza. Kisha wavuvi wadogo nao wakaunganisha mitumbwi miwili, wakatundika wavu katikati, na zile kubwa za namna hiyo tukaziita Apollo, kama chombo kilichokwenda mwezini. (Jina hili hunichekesha hadi leo: watu walikwenda mwezini, sisi tukaenda mita mia nane kutoka pwani.) Mwanzoni mwa miaka ya 1990 meli za Wagiriki zilikuwa zimekwisha kwenye maji ya Burundi. Ziwa halikuzilipa tena.

Sasa upande wa mikataba. Mkataba wa Roma wa Machi 1957, uliounda Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, uliitaja Ruanda-Urundi kwa jina kati ya makoloni yaliyounganishwa na soko hilo, na Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya ukazaliwa humo humo. Hakuna aliyemuuliza mtu wa Rumonge. Baada ya uhuru wa 1962 Burundi yenyewe ikatia saini Yaoundé mwaka 1963, kisha Lomé mwaka 1975. Lomé ilileta kitu kinachoitwa Stabex: mapato ya nchi kwa zao fulani, kama kahawa, yakishuka chini ya wastani wa miaka ya nyuma, Ulaya inafidia pengo. Ilikuwa na nia njema, na sitaki kuidharau. Bei ya kahawa ikianguka London mkulima wa mlimani anakosa karo ya mtoto. Lakini angalia ilichopima. Ilipima fedha za mauzo. Udongo uliokuwa unaporomoka kutoka milima ya Mumirwa, ukishuka na mito kama Murembwe na Dama mpaka ziwani, haukuwa na safu kwenye karatasi hiyo. Lomé ya nne, Desemba 1989, ndiyo iliyoyapa mazingira sura yake yenyewe, na ikakataza Ulaya kupeleka taka za sumu katika nchi zetu.

Kati ya tarehe hizo mbili, 1963 na 1975, kuna 1972, na mtu wa Rumonge hawezi kuiruka. Aprili 29 mashambulizi yalianzia ufukweni kwetu, kisha yakafuata mauaji yaliyofagia nchi nzima. Watu wa Imbo, Rumonge hadi Nyanza-Lac, walivuka kwenda Tanzania. Wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao hayakukaa tupu. Mengine waligawiwa watu wengine, mengine yakaingia kwenye mradi wa serikali wa michikichi. Jirani yangu hapa zoni, mzee aliyekimbia mara tatu, aliporudi baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000 alikuta michikichi mahali pa mihogo ya baba yake.

“Ulijuaje ni ya mradi, mzee?” nilimuuliza.

“Mwanangu, ilikuwa kwenye mistari. Mkulima mdogo hapandi kwa kamba.”

Mawese ya Rumonge yanajulikana nchi nzima, na sisi tuliosoma kwa mawese hayo hatuwezi kuyalaani. Mama alikamua, akauza kwa kidumu, mise tukazivunja sisi watoto kwa mawe. Lakini mchikichi unataka ardhi, na ardhi ya Imbo ni ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Msitu wa Kigwena, kipande kidogo cha msitu wa bonde kilichobaki kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, umekatwa pembeni mwaka hadi mwaka, na michikichi imo kati ya vilivyoingia. Kwenye daftari moja Kigwena ni hifadhi. Kwenye lingine ni hekta ambazo bado hazijatoa mafuta.

Kabla ndugu zetu wa mashirika hawajatikisa kichwa kwa huruma, waangalie hapa kambini. Kuna mwaka shirika moja lilitugawia miche ya miti, tukapanda na tukapigwa picha. Mwezi ule ule shirika lingine likatugawia maharage makavu ambayo yanakaa jikoni saa tatu yakila kuni, na majiko banifu hayakuja. Wanawake wakaenda mbali zaidi kutafuta kuni, wenyeji wakakasirika, wengine wakapigwa huko porini. Taarifa za mashirika yote mawili, nina hakika, zilisema malengo yamefikiwa.

Mwaka 2003 ndio mwaka ninaoupa uzito zaidi katika historia hii. Juni 12, Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa, na baadaye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Mwaka huo huo wanasayansi walichapisha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula cha samaki kinabaki kimefungiwa kilindini. Ziwa lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo kilichofungiwa huko hakipandi kirahisi. Walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka karibu asilimia 20, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo Apollo na meli za Wagiriki hazikuwa peke yake. Moshi wa viwanda vilivyojenga utajiri wa nchi zenye Maastricht ulikuwa umefika kwenye sufuria yetu ya ndagala, na hakuna nakisi ya asilimia 3 iliyouhesabu.

Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi kwa sababu za kisiasa, na Februari 2022 ukaurudisha. Sina la kuongeza hapo. Sote tunajua tulikuwa wapi miaka ile. Ziwa lenyewe halikusimama. Mwaka 2021 na tena 2024 maji yalipanda hadi kuingia nyumba za ufukweni, Gatumba zaidi, na Rumonge pia. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilifunga uvuvi ziwani ili samaki wazaliane, hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi nne. Ilihitajika, nakubali. Dagaa zikapanda bei mpaka sokoni hapa kambini. Nikawauliza wavuvi ninaowafahamu kama kuna aliyepewa chochote cha kumshikilia miezi mitatu. Mmoja alijibu, “Nilipewa tangazo.” Ulaya ilipoamua kuachana na makaa ya mawe iliunda mwaka 2021 mfuko wa mpito wa haki, zaidi ya euro bilioni 17, kwa ajili ya maeneo ambayo wachimbaji wake watapoteza kazi. Hilo ndilo ningependa liigwe kwetu kabla ya mabango.

Jambo la mwisho linawahusu wanaojiandaa kurudi. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria kwamba kahawa, mafuta ya mawese, mbao, kakao, soya, mpira na ng'ombe visiingie sokoni kwake kama vimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Ilipangwa kuanza kutumika mwishoni mwa 2024, ikaahirishwa mara mbili. Mawese yetu yanaliwa zaidi nyumbani na kuchemshwa sabuni, kwa hiyo mchikichi unaoila Kigwena sheria hii haitauona. Kahawa ya mlimani itaonekana: kila shamba litatakiwa liwe na alama yake kwenye ramani. Sasa shamba lililoachwa 1972, likagawiwa, likadaiwa 2006 mbele ya tume ya ardhi, likaachwa tena 2015, nani atasimama hapo na simu siku ya kuchukua alama? Anayelima leo, bila shaka. Na alama hiyo itabaki kwenye kompyuta ya mnunuzi kama ushahidi wa nani alikuwepo. Kwenye vikao vya kutueleza habari za kurudi tunaambiwa kuhusu magari, mizigo na posho ya kuanzia. Naomba wanaoviendesha waulize pia, kwa niaba yetu, ni nani anayepima mashamba ya kahawa katika milima ya Rumonge sasa hivi, na majina gani yanaandikwa.